Chupa ya Watu Sita

Mwenye kikohozi akae upande wa ukuta, asiye na kikohozi akae upande wa mlango. Ndivyo watu walivyopangwa asubuhi ile kwenye dispensere moja ndogo ya Musonoi, na upande wa mlango hapakuwa na mtu hata mmoja. Ulikuwa mwezi wa saba. Baridi ya kiangazi ilikuwa imeshuka, vumbi la migodi limekaa juu ya kila kitu mpaka ndani ya sufuria zilizofunikwa, na kila nyumba ilikuwa na mtu wake wa kukohoa.

Kyungu alimshika mama yake, Domitille, kwa bega. Mkono mwingine ulishika karte ya chanjo aliyoifunga ndani ya plastiki isije ikachafuka. Nyuma yao alikuja mke wake, Adolphine, amevaa jile, kile kizibao cha buluu cha reko. Reko ndio wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wachemshe maji, walale ndani ya chandarua, wapeleke watoto kwenye mizani; na tangu Kovide ije, wachomwe sindano, na baada ya sindano warudi tena kuchomwa ya kuongeza nguvu, ile inayoitwa rapele. Adolphine alikuwa ametaka kuivua hiyo jile kabla ya kutoka nyumbani. Kyungu alikataa.

"Vaa," alimwambia. "Bajue kama sisi si batu ba bure."

Louise, muuguzi wa kupokea wagonjwa, aliandika bila kuinua macho. "Myaka?"

"Makumi sita na munane," Kyungu alijibu.

"Anakohoa tangu wakati gani?"

"Siku tatu. Na kifua iko namubana."

"Rapele alipata?"

Jamani, Kyungu alikuwa amelala akilingoja swali hilo. Aliiweka karte mezani na kuigonga kwa kidole, pale penye muhuri. "Alipata! Mwezi wa ine. Angalia, tampo iko. Bibi yangu huyu njo reko wa hapa, hawezi kuacha mama yangu hivi hivi."

Watu wote wa upande wa ukuta waligeuka kumtazama Adolphine. Mzee mmoja alimwinamishia kichwa kwa heshima. Yeye alitazama sakafu, akaona kwamba viatu vyake vilikuwa na vumbi, akaendelea kuvitazama kama vile hajawahi kuona vumbi.

Louise aliisoma karte pande zote mbili, na uso wake ukalegea. "Basi tata, musiogope sana. Teste iko kumi tu ya juma muzima. Tunazichungia bazee benye hawakupata rapele. Bale njo tunapima, bale njo tunalalisha hapa. Mama yenu eko na kinga, hii itakuwa grippe ya baridi. Parasetamoli, chai ya moto, alale. Ikizidi, mumurudishe."

Hapo ndipo Adolphine angesema. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, wala si gumu kutamka. Alifungua mdomo. Lakini Domitille, ambaye hakuwa amesema chochote tangu waingie, aligeuza shingo taratibu, akamtazama mkazamwana wake usoni, kisha akamgeukia muuguzi.

"Aksanti, mama," alisema. "Turudie kwetu."

Wakarudi kwao.

*

Tuseme mambo yalivyokuwa, maana sina haja ya kumficha mtu. Domitille hakuchomwa rapele. Karte ilisema alichomwa, daftari la kampeni lilisema alichomwa, mwanawe aliapa kwamba alichomwa. Mkono wake haukuona sindano.

Chupa ya ile dawa ni ya watu sita. Ukishaifungua, iishe ndani ya masaa machache au uimwage, na mwenye kuimwaga anaandika barua kwa wakubwa kueleza sababu. Kwa hiyo Samy, muuguzi wa kampeni aliyetoka mjini na sanduku lake la barafu, hakufungua chupa mpaka watu sita waonekane. Alikuwa na mazoea mengine pia: aliandika majina yote sita daftarini, akajaza karte zote sita, akapiga tampo, ndipo akashika sindano. Alisema anapenda mikono yake ifanye kazi moja kwa wakati mmoja. Miezi mitatu alifanya hivyo na hakuna aliyeona ubaya.

Siku iliyokuja kuwa ya mwisho ya kampeni, kwenye kiwanja cha parokia, watu walikuwa watano. Walikuwa wamekaa tangu asubuhi, na wawili walishaanza kunung'unika kwamba wataondoka. Adolphine akakimbia nyumbani kumleta Domitille awe wa sita. Sasa Domitille na goti lake walitembea kwa mwendo wao wenyewe. Kwa hiyo Adolphine alimwacha njiani, akachukua karte yake, akatangulia mbio. "Andika, mama eko nyuma, anakuya!" Samy akaandika. Akapiga tampo. Akafungua chupa, akawachoma wale watano, wakavaa mashati yao, wakaenda zao.

Ndipo gari la Stany likasimama mlangoni, na mashine bado inanguruma. Stany alikuwa shefu wa madereva katika kampuni ndogo inayofanya kazi ndani ya mgodi wa wakubwa, na Kyungu alikuwa mmoja wa madereva wake: aliendesha kamioni ya maji, ile inayomwagilia barabara za mgodi ili vumbi lishuke. Miaka sita aliiendesha kama mtu wa kutwa. Leo uko, kesho wakikuambia usirudi, hurudi.

"Lundi bananifungia mulango kama sina rapele," Stany alisema, akikunja mkono wa shati. Kuanzia Jumatatu, mgodi haungemwingiza mtu asiye na rapele. "Inabakia?"

"Inabakia moja," Samy alijibu. "Ni ya mama mumoja."

"Mama gani? Mi simuone."

"Ni mama bukwe wangu, shefu," Adolphine alisema. "Eko njiani."

Stany alimtazama, akatabasamu. "Ah, lakini weye ni bibi ya Kyungu! Kyungu wa kamioni ya maji. Jina yake iko ku meza yangu, unajua? Ku liste ya bale tunataka kupatia kontra."

Basi. Hakusema zaidi. Hakutisha, hakuomba, hakutoa kitu mfukoni. Alisimama tu na mkono wake umekunjwa. Na hakuna aliyeingiza vidole kinywani mwa Adolphine kuyavuta maneno yaliyotoka.

"Mama atapata juma ijayo, shefu. Ikala," alisema, akimsogezea kiti.

Domitille alifika mlangoni mwa parokia akihema, akamkuta Stany anateremsha mkono wa shati. Samy alijikuna kichwa. Kufuta jina daftarini kunaleta maswali, na jina la Stany lilipata nafasi pale chini ya mstari. "Karte iko tayari, mama," alisema. "Nikirudia juma ijayo, nitakupiga shindano, inaisha." Juma lililofuata hakurudi. Masanduku ya barafu yalirudishwa Lubumbashi, na Samy akapelekwa kwenye kampeni ya surua.

Majuma matatu baadaye Kyungu akatia sahihi kontra, mkataba wa kazi ya kudumu. Alinunua mabati sita ya upande ule wa nyumba uliokuwa unavuja, akalala siku mbili mfululizo, na alipoamka alicheka bila sababu. Domitille alimtazama mwanawe akicheka. Jioni hiyo, wakichambua majani ya sombe, alimwambia Adolphine, "Ile shindano ilifanya kazi muzuri, hata kama ilipita mukono mwengine." Walicheka wote wawili. Ndiyo, walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichokuwa kinamrudia Adolphine sasa kila mara mgonjwa alipokohoa.

*

Domitille alilala chumba cha nyuma, mbabula ya makaa karibu na mlango, kichwa chini ya kikwembe akivuta mvuke wa majani ya kalitusi. Siku ya nne ya ugonjwa, alipotoa kichwa, Adolphine aliona kwamba jasho lilikuwa jingi na pumzi ilikuwa fupi.

"Mama, kesho tunarudia kule. Nitabaambia."

"Utabaambia nini?"

"Kama haukupigwa. Batakupima. Batakulalisha pale, beko na oksijeni."

Domitille alingoja pumzi ipite, kisha akasema, "Na Kyungu atakuwa wapi, wakati unasema?"

"Atasikia. Asikie tu."

"Atasikia, halafu atafanya nini? Unamujua bwana yako. Ataenda kumukamata Stany shingo mbele ya batu, na kontra itakufa siku ileile." Alikohoa, akafuta mdomo. "Mi nilizaa batoto munane. Babili njo babaki. Huyu wa hapa, ni mara ya kwanza namuona analala usingizi. Unyamaze, mama. Grippe nilikwisha kuona mingi."

Adolphine alisema, "Mama, mi naogopa."

"Ogopa, lakini unyamaze."

Na aibu ya kweli ni hii, wala siipunguzi: Adolphine aliposikia hivyo, moyo wake ulitua. Alikuwa amepewa ruhusa. Alitoka uani, akajiambia kwamba anamtii mzee wa nyumba, kwamba mkazamwana mzuri anatii, na kwa muda mfupi karibu aliamini.

Uani alimkuta Florentine, jirani yake, na bakuli la uji wa mgonjwa. Florentine alikuwa mke wa tata Kabemba, mstaafu aliyechimba mawe chini ya ardhi miaka thelathini na kutoka na mapafu yaliyokwaruza kama mlango mbovu. Wagonjwa walivyokuwa wanaongezeka, mjini walikuwa wametangaza kwamba Ijumaa sanduku la barafu litarudi Musonoi, na Adolphine alikuwa amehangaika mwezi mzima mpaka Florentine akakubali kumpeleka mzee wake.

"Mama Joyeuse, mugonjwa aje?" Florentine alimwita kwa jina la binti yake, kama mtaa wote.

"Iko nakohoa tu."

Florentine alishusha bakuli. Alikuwa mwanamke wa mzaha, lakini leo mzaha wake ulikuwa na meno. "Sasa, mama reko, uniambie mi mujinga. Ile rapele yenu inafanyaka kazi siku gani? Ama inangoja mutu akwishe kufa, njo inaanza?"

"Rapele haizuie magonjwa yote," Adolphine alisema. Maneno yalitoka yenyewe, ni yale ya kwenye karatasi za kubandika ukutani. "Inasaidia ugonjwa usikuwe mukali."

"Na huyu, ni mukali ao si mukali?"

Adolphine aliinama, akaliinua lile bakuli.

"Mi sikukasirikie," Florentine alisema. "Uko nafanya kazi yako. Lakini kama mama wa reko mwenyewe analala hivi, mi nitamupeleka muzee wangu kufanya nini? Ondosha jina yake. Na mama ya pale ku pompi anasema uondoshe ya kwake pia."

Adolphine alichukua daftari lake, akaondosha. Mpaka jioni alikuwa ameondosha saba. Kila jina alilolikata alijua kwamba kukata huko ni kazi ya mikono yake, kwamba hao watu hawakosei hata kidogo kwa jinsi wanavyoona, ila wanaona kitu ambacho hakikutokea. Na alikata tu, kwa kalamu ile ile, kwa mstari ulionyooka.

*

Siku ya sita, saa nane mchana, Domitille alishindwa kumaliza kuita jina la mjukuu wake. Alisema "Joye", akaishia hapo. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Kyungu alikuwa kazini ndani ya mgodi, ambako simu haziruhusiwi. Adolphine alisimamisha pikipiki ya taksi, akamweka mzee katikati, akakaa nyuma na kumkumbatia kiunoni, na njia nzima alihisi mbavu zake zikipanda na kushuka haraka.

Upande wa ukuta ulikuwa umejaa. Adolphine alipita katikati ya watu, hakuomba ruhusa.

"Madame Louise, mama huyu hakupigwa rapele."

Louise alitazama mgonjwa kwanza, akaita watu wawili wamlaze, akamvika oksijeni, akachukua teste. Ndipo akageuka. "Mi nilisoma karte na macho yangu."

"Karte ni ya bongo, inadanganya. Balipiga tampo mbele, halafu mi nikapatia mutu mwengine ile shindano."

"Weye?" Louise aliitazama jile ya buluu toka kola hadi chini. "Weye, reko?"

"Mi."

"Na siku ile ulisimama hapa. Unanisikia nasema arudie nyumba. Na jile yako unavaa."

"Ndiyo."

Louise hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisubiri mistari miwili ijitokeze kwenye teste, ikajitokeza yote miwili, akaandika kwenye fiche ya mgonjwa, akasema huku anaandika, "Siku tatu. Ningemulalisha tangu siku ile. Sisemi kama angepona, hata benye karte za kweli banakufaka. Lakini siku tatu, mama." Kisha akaenda kutafuta gari la wagonjwa.

Hospitali ya mjini Domitille alilala usiku mmoja. Kyungu alifika na nguo za kazi, akakaa kwenye sakafu karibu na kitanda, akishika mguu wa mama yake uliotoka nje ya blanketi. Asubuhi, saa nne, daktari alimfunika mgonjwa uso, akavua glavu.

"Kovide," alisema. "Pole, tata."

"Lakini rapele alipata," Kyungu alisema. "Docteur, rapele alipata. Karte iko hapa."

Daktari alikuwa amesimama tangu juzi. Fiche ya Louise ilikuwa imekunjwa mahali fulani chini ya fiche nyingine. "Rapele haiahidi yote, tata," alijibu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kyungu aliigeuza ile karte mkononi, akaitazama mbele na nyuma. Adolphine alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Kwa mara nyingine tena akanyamaza, na safari hii hakuwepo mtu wa kumwambia anyamaze.

*

Kilio kilikuwa nyumbani. Waliweka turubai uani, viti vya plastiki vya wanaume mbele, mikeka ya wanawake pembeni ya ukuta, mbabula mbili kwa ajili ya baridi. Kaka mkubwa wa Kyungu, Baudouin, alifika kutoka Lubudi na mabasi mawili ya ndugu. Watu walikohoa na kulia pamoja, huwezi kujua kipi ni kipi.

Siku ya pili, mchana, gari la Stany likaingia mpaka karibu na turubai. Likashusha magunia matatu ya bunga ya mahindi, makreti ya vinywaji, na risiti ya sanduku zuri la maiti ambalo kampuni ililipa. Watu waliguna kwa heshima. "Njo kontra hii," mmoja alisema. "Kama angefiwa mutu wa kutwa, nani angekuya?" Stany alivua kofia, akasema maneno machache mazuri, akamshika Kyungu mkono kwa mikono yake miwili. Kyungu alimshukuru mara tatu. Alimtafutia kiti chenye mgongo, akakifuta kwa kiganja.

Adolphine aliyaona hayo kutoka kwenye mkeka. Mkazamwana kwenye kilio cha mama bukwe hana kazi ya kusema. Anakaa, analia, anashikwa mabega. Alikuwa ameshikwa mabega na wanawake wote wa mtaa, hata wale walioagiza majina yakatwe, na kila mkono uliomgusa ulimchoma.

Florentine alikuwa katikati ya wanawake, na sauti yake haikujua kunong'ona. "Mi nilisema, bakanicheka. Mama Domitille alipigwa, ao hakupigwa? Alipigwa! Karte iko, sisi bote tuliona. Na leo tuko nalia hapa. Muzee wangu hatafika kule vendredi, hata bamufuate na gari."

"Hata wetu," wengine waliitikia. "Maji tu ile. Maji ya chumvi."

Tata Kabemba alikuwa upande wa wanaume, karibu na makaa. Alikuwa anakohoa kikohozi chake cha kila siku, mkono kifuani. Adolphine alimtazama. Alimtazama muda mrefu. Ijumaa ilikuwa kesho.

Akasimama.

"Mama hakupigwa," alisema.

Wanawake walidhani ni kilio. Mmoja alimvuta kikwembe, "Ikala, mama, ikala." Hakukaa.

"Mama Florentine, unisikie. Mama hakupigwa rapele. Karte ni bongo, mi njo nilifanya. Rapele yake nilipatia mutu mwengine. Ile siku tulimupeleka ku dispensere bangemulalisha, lakini balisoma karte na mi nikanyamaza. Musiseme dawa ilimushinda mama. Dawa hakuipataka."

Neno hilo lilianzia kwa wanawake, likavuka uani kama maji, likafika kwa wanaume. Florentine alikuwa na mkono mdomoni.

"Nani?" aliuliza. "Ulipatia nani?"

Adolphine hakutaka kutaja. Nyumba nzima ilikula kwa jina hilo. Lakini alikuwa amekwisha kuvuka.

"Shefu Stany. Juu ya kontra."

Baudouin aliruka. "Mulozi! Anakula mama yetu, anatulilia hapa! Atoke! Atoke sasa hivi na bikwembe byake!" Ndugu wa Lubudi waliinuka pamoja naye. Stany alikuwa ameikodolea macho simu yake, na kidole hakikugusa kitu.

Kyungu alipita katikati ya ndugu zake, akaingia upande wa mikeka bila kuvua viatu, jambo lisilofanywa. Alisimama mbele ya mkewe. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo.

"Mama alijua?"

"Alijua."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu siku ile ile. Alifika, akaona. Na wakati anagonjwa nilitaka kusema, akakataa. Alisema ukisikia, kontra itakufa. Alisema ni mara ya kwanza anakuona unalala usingizi."

Ningependa kuwaambia kwamba Kyungu alilia. Hakulia. Uso wake ulifanya kitu ambacho Adolphine hatakisahau: ulijaribu kukasirika, ukatafuta nani wa kumkasirikia, ukamkuta kila mtu, ukamkuta na mwenyewe. Adolphine kofi angelipokea. Alikuwa ameinua uso alipokee.

Kyungu aligeuka, akaenda moja kwa moja kwa Stany. Wanaume wanne walimfuata wamshike. Stany alisimama upesi, na kile kiti chenye mgongo kikaanguka nyuma yake.

"Kyungu," alianza, "unisikilize, mi sikujua kama mama..."

"Shefu."

"Uliza bibi yako, sikumulazimisha..."

"Shefu," Kyungu alirudia. Mikono yake ilikuwa imening'inia. "Kufuatana na kontra, mutu akifiwa na muzazi, bamupatia siku ngapi?"

"Ine," Stany alijibu. "Lakini weye naweza kukuongezea. Juma muzima, nitasema na bakubwa."

"Ine inatosha," Kyungu alisema, akihesabu siku za kazi mpaka Jumanne. "Mardi nitakuwa ku kamioni."

Akainama, akakiinua kiti, akakisimamisha. Stany hakukaa tena. Aliaga watu wawili watatu, akaondoka, na hakuna aliyemsindikiza mpaka garini. Baudouin alimwita mdogo wake majina ambayo hayafai kwenye kilio. Kyungu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageukia wanawake.

"Mufungue bunga," alisema. "Batu beko na njala."

Hakuna aliyetangulia. Halafu Florentine akafunga kikwembe chake kiunoni, akachana gunia la kwanza kwa kisu, na wengine wakafuata. Ilikuwa bunga nyeupe, safi, isiyohitaji kuchekechwa. Walipika bukari, ugali wa sufuria mbili kubwa, wakagawa kuanzia kwa wazee. Kyungu alikula amesimama, mgongo wake umeelekea ukuta wa wanawake.

Florentine ndiye aliyemletea Adolphine sahani. Aliiweka chini, hakumpa mkononi.

"Kesho muzee wangu nitamupeleka," alisema. "Lakini jina yake ataandika mutu mwengine. Na mi nitasimama pale pale, niangalie shindano inaingia."

"Ndiyo, mama," Adolphine alijibu.

Alikaa na ile sahani mbele yake. Alitaka isishuke kooni, ingekuwa heshima kidogo kwa marehemu. Lakini hakuwa ametia kitu tumboni tangu juzi, na bukari ilikuwa ya moto. Akanawa mikono, akala, akamaliza yote.